Tishu inaonyesha maambukizi, kijidudu hakionekani: kutatua utata wa slaidi za ngozi

Slaidi za ngozi zinazozua ubishi maabara si zile zenye vijidudu tele. Ni zile ambazo tishu inaonyesha wazi kuwa kuna maambukizi, lakini rangi maalumu zote zimerudi hasi. Au kinyume chake: nukta nyekundu imeonekana kwenye Ziehl-Neelsen (rangi ya bakteria sugu kwa asidi, yaani wale ambao asidi haiwaondolei wekundu), ila mpangilio wa tishu haukubaliani nayo. Kwa hali zote mbili msimamo wetu ni mmoja. Mpangilio wa tishu ndio unaoamua itumike rangi gani, kijidudu kitafutwe wapi, na jibu hasi liaminiwe kiasi gani. Kwa hiyo maliza kwanza lenzi ya ×4 na ya ×10, ndipo uweke mafuta kwenye lenzi ya ×100.

Tunadhani msomaji ana rangi hizi: ile ya kawaida ya H&E, Ziehl-Neelsen, Fite-Faraco (kwa kifupi Fite, ya bakteria wa ukoma), PAS na Grocott (za fangasi), Giemsa (ya vimelea) na Gram (ya bakteria). Imunohistokemia (rangi inayotumia kingamwili) na PCR (kipimo cha vinasaba) tunazitaja pale tu ambapo bila hizo hakuna jibu.

Kabla ya kulaumu rangi, kagua kipande chenyewe

Tatizo: slaidi haina kitu cha maana, lakini daktari wa wodini ana uhakika na anachoshuku. Anza kwa kuuliza kipande kilitolewa wapi na kilifika kina gani.

Kwa ukoma, kipande kitoke kwenye ukingo wa baka ulio hai, kwa panchi (kisu cha mviringo) ya milimita 4 au zaidi, na kifike kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Neva zinazotafutwa ziko sehemu ya chini ya demisi (tabaka la pili la ngozi) na kwenye mafuta hayo, kwa hiyo kipande kilichochongwa juujuu hakiwezi kuthibitisha ukoma wala kuukanusha. Kwa kidonda, chukua ukingo pamoja na ngozi nzima ya pembeni, maana katikati kuna usaha na tishu iliyokufa tu. Kwa lengelenge, chagua jipya, la chini ya saa 48. Lililozeeka limeshaota epidemisi (tabaka la juu la ngozi) mpya chini yake na seli zenye virusi zimeshamomonyoka. Kwa mapunye, chukua ukingo wenye magamba, na uliza kama mgonjwa alikuwa anapaka krimu ya steroidi. Krimu hiyo hufuta wekundu na magamba na kuficha sura ya ugonjwa huku fangasi wakiendelea kuzaliana.

Koleo lenye meno ni adui. Likibana kipande, limfosaiti (aina ya seli za kinga) hupondeka na kuwa michirizi ya zambarau isiyosomeka. Nyanyua kipande kwa ncha ya sindano ya kuchomea ganzi, kisha kata chini yake kwa mkasi.

Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake mara 10 hadi 20 ya kipande, na panchi ya milimita 4 ikae humo saa 6 hadi 24. Fomalini isiyo na bafa huacha chembe za kahawia-nyeusi palipo na damu, na chembe hizo huwachanganya watu na melanini, hata na bakteria. Zitambue kwa mwanga wa polaraizi, maana hung'aa. Huondolewa kwa asidi ya pikriki iliyoyeyushwa kwenye alkoholi.

Maambukizi yakishukiwa, gawa kipande kabla hakijagusa fomalini. Nusu iende kwenye fomalini, nusu ifungwe kwenye chachi safi iliyoloweshwa salaini, kwa ajili ya kuotesha. Na andika kwenye fomu unachoshuku, kwa sababu joto la kuoteshea hutofautiana. Mycobacterium ulcerans na M. marinum huota kwenye nyuzijoto 30 hivi. Wakiwekwa kwenye 37 pamoja na sampuli za makohozi, jibu litarudi hasi na litakuwa la uongo. Bakteria wa ukoma haoti kwenye chakula chochote cha maabara, kwa hiyo uoteshaji hasi haumwondoi.

Granuloma zipo, bakteria sugu kwa asidi hawaonekani

Hili ndilo swali linalotumia muda mwingi kuliko yote katika ukanda wetu, kwa sababu ukoma, kifua kikuu cha ngozi, lishmania na fangasi wa ndani wote hupita hapa.

Angalia kwanza umbo la granuloma (kifundo cha seli za kinga) na njia yake. Granuloma zilizorefuka, zinazokwenda sambamba na ngozi au kuteremka kufuata neva na mishipa ya damu, zinasema ukoma upande wa tuberkuloidi, wenye kinga imara. Huzungukwa na limfosaiti wengi na mara nyingi hupanda hadi kugusa epidemisi. Tafuta neva. Ukiikuta imevimba, imepenywa na limfosaiti au imegeuka kuwa granuloma, ichukulie kuwa ukoma mpaka kitu kingine kithibitike. Usipoiona kabisa mahali inapopaswa kuwepo, tia S-100 (imunohistokemia ya neva), ambayo itaonyesha vipande vya neva vilivyobaki katikati ya granuloma. Katika upande huu bakteria ni wachache mno au hawaonekani, na Fite hasi ni jambo la kutarajiwa. Inakadiriwa kwamba lazima wawepo bakteria 1,000 hivi katika sentimita moja ya ujazo wa tishu ndipo umpate mmoja kwenye mkato. Kumwandikia daktari “si ukoma” kwa sababu tu Fite ni hasi ni kosa linalomgharimu mgonjwa mkono au mguu.

Kadiri unavyoelekea upande wa lepromatasi, wenye kinga dhaifu, katika mgawanyo wa ukoma wa Ridley na Jopling wa 1966, picha hugeuka. Granuloma hulegea, limfosaiti hupungua, makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) hujaa mafuta na kuonekana zina povu, na chini ya epidemisi hubaki ukanda mwembamba usio na seli za kinga. Hapa bakteria ni wengi, wakiwa wamefungamana ndani ya makrofaji katika mafungu yanayoitwa globi. Mpangilio ukiwa huu na Fite ikawa hasi, usibadili utambuzi. Rudia rangi, maana iliyokosea ni rangi.

Ukoma wa mwanzo kabisa ndio mgumu. Huonyesha limfosaiti wachache tu kuzunguka mishipa, vinyweleo na neva, picha inayofanana na ukurutu wa kawaida. Kata ngazi za ziada (mikato mipya ya ndani zaidi ya kipande hichohicho), tia Fite kwenye kadhaa, kisha pitia kwa lenzi ya mafuta sehemu tatu: ndani ya neva, kwenye misuli midogo inayosimamisha vinyweleo, na chini tu ya epidemisi. Bakteria mmoja ndani ya neva anatosha.

Mgonjwa aliye kwenye dawa au aliyemaliza huleta mtego mwingine. Bakteria waliokufa hukaa kwenye tishu kwa miaka, na wingi wao hushuka polepole, kwa wastani usiozidi alama 1 hivi kwa mwaka kwenye kipimo cha 0 hadi 6. Waliokatika vipande au kubaki vumbi si dalili kwamba dawa imeshindwa. Wanaotia shaka ni wale wazima, waliojaa rangi kutoka ncha hadi ncha. Nutrofili (seli za kinga zinazofanya usaha) zikimiminika juu ya makrofaji zenye povu, hasa kwenye demisi ya chini na mafuta, hiyo ni reaksheni ya ukoma ya aina ya pili. Isiripotiwe kuwa jipu.

Sasa kifua kikuu. Granuloma za mviringo kwenye demisi ya juu na ya kati, zisizofuata neva, zenye kaseosisi (tishu iliyokufa kama jibini) kidogo au bila kabisa, zinaelekeza kwenye lupasi vulgarisi, aina ya TB ya ngozi. Ziehl-Neelsen huwa hasi katika vipande vingi vya aina hii, kwa sababu kinga ya mgonjwa ni imara na bakteria ni wachache. Jibu hutegemea PCR, uoteshaji na hali ya mgonjwa. TB iliyopasua ngozi kutoka kwenye tezi au mfupa ni tofauti: ina kaseosisi pana, na bakteria hupatikana ukitafuta mpakani, pale tishu iliyokufa inapokutana na iliyo hai. Kwa mtu mwenye VVU aliyeishiwa kinga, usitegemee granuloma nzuri. Utaona makrofaji zilizotawanyika, nutrofili, tishu iliyokufa na bakteria wengi. Tishu “isiyo na granuloma” kwa mgonjwa wa namna hiyo bado inastahili Ziehl-Neelsen na Grocott.

Granuloma zenye nutrofili katikati zinasukuma kwingine: sporotrikosisi na kromoblastomaikosisi (magonjwa ya fangasi), nokadia (bakteria), au mikobakteria wa mazingira kama M. marinum, anayeingia kwa michubuko ya watu wanaoshughulika na samaki na maji. Chachu za Sporothrix ni chache sana kwenye tishu, mikromita 2 hadi 6, nyingine zimerefuka. Grocott kwenye ngazi kadhaa humpata mara nyingi kuliko PAS kwenye mkato mmoja. Sakodosisi (ugonjwa wa granuloma usio na kijidudu kinachojulikana) iwe jibu la mwisho, baada ya rangi za bakteria na fangasi, na baada ya kuweka polaraizi ili kuondoa uwezekano wa mwiba, uzi au mchanga.

Makrofaji zimejaa nukta ndogo zenye ukubwa sawa

Nukta za mikromita 2 hadi 4 ndani ya makrofaji zina wamiliki wawili wakuu, na dawa zao hazifanani: lishmania (kimelea) na Histoplasma (fangasi). Kuwatenganisha si kazi ngumu ukifuata utaratibu.

Lishmania ana kiini, na kando yake kijiti kidogo chenye rangi nzito kinachoitwa kinetoplasti. Ukikiona kwa lenzi ya mafuta, umemaliza. Vimelea hupenda kujipanga pembezoni mwa uwazi ulio ndani ya makrofaji. Giemsa huwaonyesha vizuri, PAS na Grocott haziwaonyeshi. Histoplasma hana kinetoplasti, huzungukwa na uwazi mwembamba, huchipua kwa shingo nyembamba, na Grocott humtia weusi. Kwa hiyo jozi ya Giemsa na Grocott inamaliza ubishi. Kwa mgonjwa mwenye VVU kutoka kusini mwa Afrika, mkumbuke pia fangasi Emergomyces africanus, ambaye kwa ukubwa na umbo hatenganishiki na Histoplasma kwa macho. Anahitaji uoteshaji au PCR.

Vimelea wa lishmania hupungua kadiri kidonda kinavyokaa. Kidonda cha wiki chache huwa nao tele. Cha miezi mingi huwa na granuloma, limfosaiti na seli za plazma, vimelea hakuna. Kama mgonjwa anatoka nyanda za juu za Ethiopia au mlima Elgon, ambako Leishmania aethiopica ipo, tuma PCR hata kama slaidi haina kimelea. Aina iliyoenea mwili mzima huleta makrofaji zilizofurika vimelea, na kwa lenzi ya ×10 hufanana sana na ukoma wa lepromatasi. Fite ikiwa hasi katika picha ya namna hiyo, tia Giemsa kabla ya kurudia Fite.

Histoplasma duboisii, wa Afrika ya kati na magharibi, ni mkubwa: mikromita 8 hadi 15, ukuta mnene, na hukaa ndani ya seli kubwa zenye viini vingi. Usimwite Blastomyces kwa ukubwa tu. Blastomyces huchipua kwa shingo pana.

Wakati mwingine hakuna nukta, kuna mashimo. Demisi inaonekana imejaa mapovu matupu na seli za kinga ni chache. Ndani ya kila povu tafuta duara hafifu la mikromita 4 hadi 10, lenye ukubwa usiolingana na mengine. Huyo ni Cryptococcus, na povu ni ute wake. Rangi ya musikamini hutia ute huo wekundu, na rangi ya Fontana-Masson humshika hata ute ukiwa haba. Kwenye ngozi vijipele vyake hufanana na moluskamu (vipele vya virusi), kwa hiyo jibu hili lipigiwe simu siku hiyohiyo, maana fangasi huenda ameshafika kwenye ubongo.

Rula yako ni chembe nyekundu ya damu iliyo kwenye slaidi hiyohiyo, mikromita 7 hivi. Makadirio ya macho bila rula hukosea.

Epidemisi imenenepa na kuchimba chini: saratani au maambukizi?

Epidemisi inayoteremka kwa vidole virefu ndani ya demisi huandikwa “saratani ya seli bapa” mara nyingi kuliko inavyostahili, hasa kipande kikiwa cha juujuu. Kabla ya kuliandika neno hilo, tafuta vijipu vidogo vya nutrofili ndani ya epidemisi na granuloma chini yake. Vikiwepo, orodha ni hii: kromoblastomaikosisi, TB ya kisunzua, sporotrikosisi, lishmania, na kwa wenye VVU, herpesi sugu ya sehemu za siri inayoota kama uvimbe.

Kromoblastomaikosisi haihitaji rangi maalumu. Duara za kahawia za mikromita 5 hadi 12, zenye ukuta mnene na kuta za kugawanyika zinazokatana ndani, huonekana kwenye H&E yenyewe, ndani ya vijipu na seli kubwa, mara nyingine zikiwa njiani kutolewa nje kupitia epidemisi. Grocott huzipaka weusi na kuficha ukahawia ambao ndio utambulisho wake, kwa hiyo ukishuku ugonjwa huu rudi kwenye H&E.

Herpesi sugu hujificha kwenye ukingo wa kidonda. Seli chache zenye viini vingi vilivyobanana, katikati vikiwa na rangi ya kijivu kama kioo chenye ukungu, zinatosha kubadilisha upasuaji kuwa vidonge.

Punje katikati ya usaha

Usaha wenye punje ni mycetoma (uvimbe sugu unaotoa punje) mpaka ionekane vinginevyo, na swali la pekee lenye uzito ni upana wa nyuzi zilizo ndani ya punje. Nyuzi za mikromita 2 hadi 5, zenye vigawanyo, zinazoonekana kwa Grocott na PAS, ni fangasi. Nyuzi nyembamba za mikromita 1 au chini yake, zinazoshika Gram, ni bakteria wa kundi la aktinomaisiti. La pili hutibiwa kwa antibayotiki. La kwanza huhitaji dawa za fangasi kwa miezi mingi na mara nyingi kisu pia. Punje nyeusi kwa kawaida ni Madurella mycetomatis, lakini usiishie kwenye rangi ya punje.

Utando mwekundu wa eosini unaozunguka punje huitwa Splendore-Hoeppli. Ni mwitikio wa mwili, na hautaji kijidudu kwa jina: huzunguka fangasi, bakteria, hata mayai ya kichocho. Punje zenye bakteria wa mviringo watupu ni botriomaikosisi, na aghalabu mhusika ni Staphylococcus aureus. Punje zikikosekana kwenye slaidi na daktari alikuwa amezieleza, endelea kukata bloku (kipande kilichozamishwa kwenye nta), kwa sababu punje moja huweza kukaa kwenye ngazi chache tu.

Tishu nyingi imekufa, seli za kinga hazipo

Mafuta ya chini ya ngozi yamekufa eneo pana, seli zake zimebaki kuta tupu bila viini, na hakuna anayeitikia. Ukimya huo ndio dalili. Kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda, huletwa na M. ulcerans, na sumu yake iitwayo mikolaktoni huua seli na kuzima kinga. Tia Ziehl-Neelsen na utafute ndani ya mafuta yaliyokufa, siyo kwenye granuloma. Bakteria hukaa nje ya seli kwa mafungu. Kipande kilichoishia kwenye demisi hakitakuonyesha chochote. Baada ya matibabu granuloma hujitokeza, na hiyo ni kinga inayorudi.

Uvimbe wa maji mkubwa, damu iliyovuja na tishu iliyokufa chini ya kigaga cheusi, kwa mtu aliyechinja au kuchuna mnyama aliyekufa ghafla, ni kimeta. Tia Gram, tafuta fimbo kubwa zilizoshika rangi, na toa taarifa kwa mamlaka za afya bila kusubiri ripoti kamili.

Seli za plazma nyingi, ugonjwa hauna jina

Fikiria kaswende hata kama fomu inasema soriasisi au laikeni. Epidemisi yenye vidole virefu vyembamba, nutrofili juu, limfosaiti mpakani mwa epidemisi na demisi, seli za plazma kuzunguka mishipa, na seli za ndani ya mishipa hiyo zimevimba: mchanganyiko huo ni wake. Seli za plazma zinaweza kuwa haba au zisiwepo, na kukosekana kwake hakumwokoi mgonjwa. Warthin-Starry (rangi ya fedha) ina kelele nyingi kwenye ngozi, kwa kuwa melanini na nyuzi za demisi hushika fedha pia. Imunohistokemia ya Treponema ni bora, nayo haitofautishi kaswende na buba. Kwa vitendo, omba kipimo cha damu siku hiyohiyo. Ni rahisi na kitajibu kabla bloku haijakatwa tena.

Epidemisi imepasuka kwa maji: virusi vipi?

Seli zilizovimba na kuachana, viini vingi katika seli moja, vimebanana na kromatini imesukumwa ukingoni: hiyo ni herpesi, tetekuwanga au mkanda wa jeshi. H&E haitenganishi virusi hivi, kwa hiyo usiandike kimoja kwa ujasiri. Sema “kundi la herpesi” na uombe PCR ikiwa matibabu yanategemea hilo.

Moluskamu hujitangaza yenyewe kwa miili mikubwa ndani ya seli za epidemisi, myekundu chini na ya zambarau kadiri inavyopanda. Ikipasuka na kumwagika kwenye demisi huita seli nyingi za kinga, na anayeangalia uvimbe huo bila kuona miili atafikiri limfoma. Kata ngazi.

Mpox huonyesha seli zilizovimba, epidemisi inayokufa na miili midogo ya eosini ndani ya saitoplazimu, si ndani ya kiini. Mlipuko uliofanya WHO itangaze dharura ya kimataifa Agosti 2024 ulisambaa kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, kwa hiyo ugonjwa huu uliingia akilini mwa kila mtu. Hata hivyo kipande cha ngozi si njia ya kuithibitisha. Kipimo ni PCR ya swabu au kigaga cha kidonda.

Nutrofili kwenye tabaka la juu lililokufa, pasipo jingine lolote, maana yake ni PAS. Mapunye na kandida hupotea hapohapo watu wakiita soriasisi. Na ukiona mishipa mingi midogo yenye nutrofili na vumbi la zambarau kwa mtu mwenye VVU, usikimbilie Kaposi (saratani ya mishipa). Tia Warthin-Starry kutafuta bakteria Bartonella, ambayo antibayotiki inaiponya. Kaposi yenyewe huthibitishwa kwa imunohistokemia ya kirusi chake, HHV-8.

Rangi inapodanganya

Kila rangi maalumu iende na slaidi ya kulinganishia, ya tishu inayojulikana kuwa na kijidudu. Hiyo ikikataa, jibu la mgonjwa halisomwi kabisa.

Kwa Fite, mchanganyiko wa kuondolea parafini ni zailini sehemu 2 na mafuta ya karanga sehemu 1, mara mbili, dakika 12 kila mara. Mafuta hayo hulinda nta ya ukuta wa bakteria wa ukoma, ambayo zailini na alkoholi zingeiosha. Futa na kausha kwa karatasi, kisha tia kabolfuksini (rangi nyekundu) dakika 30, toa rangi kwa asidi ya salfa ya asilimia 5 huku ukiangalia, na malizia kwa bluu ya methilini nyepesi. Usipitishe kwenye alkoholi mwishoni. Acha ikauke hewani, kisha funika. Slaidi ya kulinganishia ikiwa bluu tupu, asidi imekaa mno, kabolfuksini imezeeka, au mtu ameipitisha kwenye alkoholi kwa mazoea. Ikiwa tishu yote ni ya waridi, mkato ni mnene kuliko mikromita 5 au asidi haikutosha. Bluu nzito huficha bakteria wachache. Ziehl-Neelsen ya kawaida, yenye asidi-alkoholi ya asilimia 3, inafaa kwa TB na inawapoteza wa ukoma.

Bakteria mwekundu aliye juu ya tishu, anayeonekana vizuri pale tishu inapotoka kwenye fokasi, ametoka kwenye maji. Mikobakteria wa mazingira huishi kwenye mabomba na kwenye bafu la maji ya kuelea mikato. Badilisha maji, safisha bafu, tumia maji yaliyochujwa au kuchemshwa na kupozwa, na rudia.

Grocott iliyoachwa muda mrefu kwenye fedha hupaka kila kitu weusi: ute, nyuzi za elastini, hata chembe za nutrofili. Itoe kila baada ya dakika chache na uangalie slaidi ya kulinganishia kwa hadubini. Simamisha ukuta wa fangasi unapokuwa wa kahawia iliyoiva. Koleo la chuma likiingia kwenye myeyusho wa fedha, mashapo meusi hutawanyika kwenye slaidi zote. Tumia la plastiki.

Unapokosa kijidudu na mpangilio bado unasema maambukizi

Kata angalau ngazi tatu mpya, rudia rangi moja inayolingana na mpangilio badala ya kurudia zote, kisha andika ripoti inayomsaidia daktari kuchukua hatua. Taja mpangilio (“granuloma zinazofuata neva, neva moja imeharibiwa”), taja rangi zilizotumika na kwamba slaidi za kulinganishia zilishika, na sema wazi kama jibu hasi lina uzito au halina katika mpangilio huo. Kisha pendekeza hatua moja mahususi: sampuli ya ukwaruzaji wa ngozi kwenye ndewe za sikio na ukingo wa baka, kipande kipya kinachofika kwenye mafuta, PCR kutoka kwenye bloku, au kipimo cha damu cha kaswende. Maneno “hakuna kijidudu kilichoonekana” peke yake yasitoke maabara bila pendekezo hilo.